Namba 41

Karakana nzima tunamwita Shangazi. Kazi yake ndiyo ya mwisho: anakaza skrubu mbili zinazobana nyaya ndani ya mita ya umeme, anafunga kifuniko, anatia lakiri yenye namba yake, 41. Skrubu ikilegea, waya hushika moto, na nyumba ikiungua watakuja kuisoma namba hiyo. Basi anakaza, anafuta kiganja kwenye aproni, anakaza tena, halafu anainong'oneza mita kama mtoto mchanga: "Haya, lala." Zamani mita zetu ziliishia mitaa ya jirani, naye kila Jumapili alipita huko, roho juu, akitazama mapaa. Siku hizi kampuni iko nchi kumi na tisa.

Jana meneja alipanda juu ya kreti akatangaza ya ishirini. Makofi, vigelegele! Shangazi alikuwa akiisugua lakiri kwa kidole gumba. "Furahi basi, Shangazi," nikamwambia, "tumekuwa wakubwa!" Wala hakunisikia. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, bwana meneja. Huko nyumba zao ni za mbao?"