Mpira wa Zamani Uliobaki Kwenye Moteri

Kabla hujaondoka na abiria wako, mwanangu, nisikilize: nakumbuka asubuhi moja kule Burungu ambayo hunirudia hata leo nikiona doa jeusi chini ya gari. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Muuguzi wa kituo chetu cha afya alikuwa amenipapasa akasema mtoto amelala kwa ubavu. Uchungu ukianza nisikae nyumbani, nipelekwe haraka hospitalini Kitchanga.

Mume wangu Bauma alikuwa na jeep kuukuu ya kubebea maziwa. Kwa kunipenda, Mungu amrehemu, siku iliyotangulia akaifanyia vidange mwenyewe uani: akamwaga mafuta machafu ya moteri, yaani injini, akafungua filtre ya zamani, chujio la mafuta, akafunga mpya, akajaza mafuta mengine. Kuiwasha ili ajaribu, hakuiwasha. Eti anabania mazutu, dizeli ya safari.

Asubuhi uchungu ukaanza. Bauma akawasha gari, nami nimeshika mlango, nikaona mafuta yanatiririka chini. Akazima, akaingia uvunguni, akaikaza filtre kwa nguvu zake zote. Akawasha tena, yakatiririka tena. Basi akafanya kile ambacho kwetu kila mtu hufanya tangi la mazutu likitoboka: akachukua kipande cha sabuni, akakilainisha, akapaka pale panapovuja. Sabuni huziba tangi, mwanangu, lakini mafuta ya moteri husukumwa kwa nguvu. Yaliing'oa mara moja.

"Panda," akaniambia. "Tutakuwa tunaongeza mafuta mu njia."

Niliogopa sana. Niliwaza ile milima na matope ya njia ya Kitchanga, moteri ikauke ife mahali pasipo na nyumba, na mtoto wangu amekwama tumboni. Lakini nilikuwa bado mgeni katika ule ukoo, nikanyamaza, nikaweka mguu ndani ya gari.

Mama mkwe wangu alikuwa akiosha mabidoni, yale madumu ya maziwa. Akaja na mikono yake imelowa, akasimama mbele ya jeep, akaniita kama mama mkwe anavyomwita mke wa mwanawe.

"Mukazana, shuka kwanza. Bauma, filtre ya zamani iko wapi?"

"Mama, tunachelewa."

"Moteri ikikufa mu njia, utabeba bibi yako ku mugongo? Leta."

Bauma alipoileta, mama mkwe akaipindua ile filtre kama alivyozoea kupindua kifuniko cha bidoni. Mfereji wa kukalia mpira, ile kawuchu ya kuzuia kuvuja, ulikuwa mtupu.

"Kawuchu yake iko wapi? Mimi nikisahau kawuchu ya zamani ku bidon, niweke ingine juu yake, maziwa inamwangikaka ata nikaze namna gani."

 Bauma akarudi uvunguni, akafungua, mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mpira wa zamani ulikuwa umeng'ang'ania kwenye moteri, mweusi, huwezi kuuona usipoupapasa, na ule mpya umekalishwa juu yake. Akaubandua, akapangusa pale mahali, akaupaka mpira mpya mafuta kwa kidole, akaifunga filtre kwa mkono tu. Akajaza mafuta yaliyobaki.

Mama mkwe akatandaza gunia jeupe la unga chini ya moteri. Gari likanguruma. Tukalikodolea macho lile gunia, mimi nikiuma pembe ya kitenge kwa uchungu. Likabaki jeupe.

"Sasa muende," akasema, akarudi kwa mabidoni yake.

Tulifika. Waganga wa hospitali walinipasua, mtoto akatoka amelegea, na nilingoja kilio chake hadi nikaanza kumlilia mimi. Halafu akalia.

Kwa hiyo wewe unayefanya vidange mbele ya nyumba, nisikilize. Filtre ya zamani usiitupe kabla hujaona mpira wake. Usipouona, upapase kwenye moteri. Ukimaliza, washa gari hapohapo, uchungulie chini. Likivuja, zima, usikaze tu kwa hasira, wala usipake sabuni ukamwambia mtu apande. Na wewe uliye mgeni nyumbani, ukiona mafuta yanamwagika, sema. Mimi sikusema, na ningekufa na adabu yangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe salama pamoja na wote uliowapakia, na gunia lako libaki jeupe.