Waliambiwa Wasiseme

Wanawake tulikuwa kumi na mmoja chumbani mle, na majina yote ninayo, yao na ya mama zao. Siyaandiki, kila mtu na sitara yake. Naanza hivi ili ijulikane kuwa mimi si mtu wa kusahau. Chuoni nilisoma juzuu tatu, nikatolewa nikaolewa, lakini hapa Ibra, Omani, watu huja kuniuliza nani kazaliwa lini na nani kanyonya kwa nani.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, mimba ya kwanza alipasuliwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Karatasi ya idhini alitia saini mumewe, huko ukumbini, mjukuu mwenyewe yuko ndani kalazwa chali, anasikia vyuma vinahesabiwa. Mimba ya pili alikwenda hospitali kwa miguu yake, akawaomba wamwache ajaribu kuzaa kawaida mbele yao, wamwangalie. Wakamwambia aliyepasuliwa hupasuliwa. Aliyemjibu hakuinua uso.

Yeye kasomea sanaa, hii ya siku hizi ambayo mtu mwenyewe ndiye picha. Akaja kwangu, akakaa kitako.

"Bibi, nitazaa nyumbani. Na watu watatazama."

"Watatazama nini, mwanangu? Harusi?"

"Mimi. Wanawake tu. Iwe sanaa, na iwe ushahidi. Wajue mwili huu una mwenyewe."

"Kwetu uchungu hufichwa. Jirani hujua mtoto akilia."

"Ndiyo maana hakuna anayejua tunavyofanywa, Bibi."

Nikauliza, "Na kovu?"

"Limepona."

"La nje limepona. La ndani nani kaliona?"

Mkunga aliyemuahidi akajitoa juma lile lile, kaona khatari. Mjukuu hakurudi nyuma. Nikamwita mumewe pembeni: "Gari ikae mlangoni, uso wake njiani. Na ufunguo usiutoe." Akakubali: "Hadhir, Bibi."

Uchungu ulimshika Jumatano asubuhi. Wageni walikuja moja kwa moja kutoka soko la wanawake, wengine na mifuko yao. Mjukuu alikuwa kachagua chumba cha udongo katika nyumba kongwe ya babu yake, kakipaka chokaa, katandika shuka nyeupe katikati. Rafiki yake kasimamisha simu juu ya chuma cha miguu mitatu, inachukua kila kitu. Mlangoni, kwa ndani, karatasi kwa Kiarabu na Kiswahili: *Usiseme. Usiguse. Shuhudia.*

"Hata dua?" aliuliza mmoja, mwanamke wa mji wa Sur, mwili mkubwa na mdomo mkubwa.

"Dua ya moyoni, khala," mjukuu akamjibu kwa heshima.

"Na chafya je? Nayo ya moyoni?"

Tukacheka. Siku ile hatukucheka tena.

Uchungu ulikuja kama unavyokuja. Alitembea, akashika ukuta, akalia kwa ile sauti aliyonyimwa mara ya kwanza. Wanawake walitokwa machozi, nami, wallahi, niliona iko haki ndani ya jambo hili. Nilikaa karibu na dirisha na tasbihi yangu.

Kabla ya adhana ya adhuhuri, uchungu ukakatika. Haukupungua, ulikatika. Akajilaza ubavu, kimya. Wageni wakadhani anapumzika, wakadhani ndiyo sanaa yenyewe. Mmoja akatabasamu. Lakini mama yangu alikuwa mkunga Unguja, nami nikimshikia beseni tangu mdogo, na neno lake lilikuwa moja: uchungu ukikatika na mtoto hajatoka, usifurahi.

Mjukuu akashika bega, si tumbo. "Bega," akasema. Midomo ilikuwa rangi ya jivu.

Nikainuka. Nilipomgusa tumbo alipiga ukelele, na tumbo lenyewe limegeuka umbo.

"Sanaa imekwisha!" nikasema. "Mbebeni!"

Hawakuinuka. Walitazama ile karatasi, wakanitazama mimi. Yule wa Sur ndiye aliyemnyanyua, peke yake, akatoka naye bila ya viatu.

Hospitali daktari alikwenda kwa mume na karatasi. Nikamshika mkono, mimi ambaye sijapata kumpinga mtu mwenye koti jeupe. "Macho yake yako wazi," nikamwambia. "Muulize mwenyewe." Daktari akasimama kidogo. Kisha akainama, akamweleza, akamuuliza. Mjukuu akasema, "Naam." Mlango ukafungwa.

Mtoto wa kike alitoka hai, akawekwa kwenye kisanduku cha joto siku nyingi. Mama yake, kovu la ndani lilikuwa limefumuka; alitoka hai, bila ya kizazi.

Kisa hiki nimekihadithia mara nyingi, na kila mara nasema niliinuka papo hapo. Mwezi uliopita mjukuu kaniletea ile simu. Siku ile haikuwa imezimwa.

Nikatazama. Uchungu unakatika. Anashika bega. Anasema bega. Na karibu na dirisha yuko kizee na tasbihi, anamwangalia. Kizee anageuza uso, anaisoma karatasi ya mlangoni. Anarudisha macho kwa mjukuu wake. Vidole vinakwenda. Nikarudisha nyuma nikahesabu punje zinavyopita: thelathini na tatu, mzunguko mzima, ndipo anainuka.

Mjukuu alikuwa kanitolea macho. Binti yake anatambaa baina yetu, anavuta pindo la kanga yangu.

"Nataka watu waione," akasema. "Lakini na wewe umo. Nikate hapo, Bibi?"

Aliuliza, akangoja.

"Usikate," nikamwambia. "Na chini yake liandike jina langu."