Shingo Iliyoponza Ndoa ya Hamali wa Garissa

Saa moja asubuhi jua la Garissa limeshaanza kuuma. Kafyu imekwisha, na kwenye kizuizi cha mtoni malori ya msafara yamesimama moja nyuma ya jingine, yakingoja kushushwa mizigo.

Mahamali wanapanda na kushuka. Kila gunia linatolewa na kulazwa chini, askari anakuja na chuma kirefu na kulichoma hapa na pale kuona kama ndani zimefichwa risasi, kisha linapandishwa tena lilikotoka. Mahindi yanamwagika kwenye matundu, na kuku wa kambini wanayajua malori haya kuliko askari wenyewe.

Olow Dubow amesimama wima nyuma ya lori la tatu, sindano ya magunia mkononi, uzi wa katani begani. Kazi yake ni kushona matundu hayo. Gunia limeegemezwa ukingoni mwa lori, usawa wa kifua chake, kwa sababu hawezi kuinama. Shingoni amevaa kitu kinachofanana na kola ya padri. Ni kadibodi iliyozungushiwa bendeji.

"Olow, hebu geuka nikuonyeshe kitu," anaita Mutiso, hamali mwenzake aliyetoka Kitui.

Olow hageuzi kichwa. Anageuza mwili mzima, miguu kwanza, kama mlango unavyofunguka.

"Mnaona?" Mutiso anawaambia wenzake. "Hata DC hageuki kwa heshima namna hii."

"Cheka, walaal, ndugu yangu," Olow anamjibu taratibu. "Shingo yako pia imeyabeba hayo magunia. Haijasema tu."

Wenzao wanacheka. Mutiso anacheka nao, lakini mkono wake unakwenda wenyewe hadi kisogoni, ukapapasa, ukashuka.

Olow anakadiria kuwa ana miaka arobaini. Kabla ya mwaka jana hakuna hamali katika mji huu aliyemshinda. Alibeba gunia la ratili mia mbili peke yake, akiliweka juu ya mabega na kisogo, kidevu kikigusa kifua. Wenzake walikunja gunia tupu wakalifanya ngata ya kuzuia uzito usikae mfupani. Yeye alikataa.

"Nilikuwa nawaambia ngata ni ya wanawake," anasema. "Nilipenda watu waone shingo tupu chini ya gunia. Hiyo ilikuwa sifa yangu, na niliitunza kuliko nilivyoitunza shingo yenyewe."

Kisha vita na mashifta, waasi wa msituni, vikaja. Tangu hali ya hatari ilipotangazwa mwishoni mwa mwaka 1963, lori haliingii mjini bila kukaguliwa. Zamani mzigo ulishushwa mara moja tu, mlangoni kwa mwenye duka. Sasa unashushwa kizuizini, unapakiwa upya, halafu unashushwa tena dukani. Gunia moja linapita juu ya shingo ya hamali mara tatu.

Mahamali hawakulalamika. Vijijini mifugo ilikuwa imezuiwa kwenda malishoni, biashara ya ng'ombe imelala, na mtu mwenye kazi alionekana mwenye bahati.

Miezi ile ile, mapema mwaka 1964, msafara wa kutoka Wajir ulimletea Olow mke. Jina lake Shamso, binti wa mfugaji wa Hadado, upande wa Wajir. Aliteremka kwenye lori akiwa amefunikwa vumbi hadi kope, na Olow anakumbuka neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mto Tana huwa una maji mengi hivyo kila siku.

Basi mzigo ule wa mara tatu na bibi harusi vilifika Garissa pamoja. Balaa lote lililofuata lilitokana na watu kushindwa kuvitenganisha viwili hivyo.

Kichwa kilianza kumuuma mwaka huo huo. Maumivu yalianzia kisogoni, yakapanda na kutulia nyuma ya jicho la kulia. Baadaye vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vinakufa ganzi. Mara akainua uso kumwita mtu aliye juu ya lori, akaona lori linamwinamia. Alinunua vidonge vya malaria dukani, akameza, akarudi kazini.

Kilichomtisha kilimpata kwenye swala. Olow alisoma chuo cha Kurani utotoni huko Balambala, akahifadhi sura nyingi, na kwa hiyo mahamali Waislamu walimtanguliza awe imamu wao. Waliswali adhuhuri kando ya malori. Siku moja alimaliza atahiyatu, maneno ya kikao cha mwisho, akageuza uso kulia kutoa salamu, na dunia yote ikageuka naye. Akaanguka ubavu mbele ya safu.

Walidhani ni njaa. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata pia. Alirukuu vizuri, alisujudu vizuri. Akifika kwenye salamu, chini.

Watu waliliwaza jambo hilo kwa akili zao, na ukiwasikiliza huwezi kusema walikuwa wapumbavu. Salamu ya mwisho wa swala huwafikia malaika walio kuliani na kushotoni. Mtu anayeangushwa na salamu hiyo, na si kitu kingine, walisema, ana kitu ndani yake kisichotaka kusalimiana na malaika. Ana jini.

Safu nyuma yake ikapungua. Mwishowe akatangulizwa mtu mwingine, na Olow, kwa aibu, akaacha kabisa kuswali mbele za watu.

Dada yake mkubwa, Saynab, alimpeleka kwa mganga. Mganga alimchoma kwa chuma cha moto utosini na kwenye kipaji cha uso, akaacha makovu ambayo hadi leo yanaonekana chini ya kofia yake. Alipoona hakuna nafuu, aliuliza swali moja: ugonjwa ulianza lini?

"Nikamwambia ulianza mwaka niliooa," anasema Olow. "Akauliza, mke ametoka wapi? Nikasema Hadado. Je, ana mtoto? Nikasema bado. Akamtazama Saynab, Saynab akanitazama mimi. Tulipotoka pale kila mmoja alikuwa ameshaamua."

Wakati wote huo Shamso alikuwa akimkanda shingo kwa mafuta ya simsim kila jioni. Yeye ndiye aliyekuwa akigusa pale maumivu yalipokuwa. Aligundua kwamba upande wa kulia misuli imekaza kama kamba iliyolowa, na kwamba akibonyeza hapo mumewe hulalamikia vidole. Alimwomba atumie ngata. Alimwomba apumzike. Olow anakiri alimwona kama anayemfundisha kazi.

Talaka aliitoa mwezi wa Juni mwaka 1965, uani kwa Saynab, mbele ya jamaa na majirani. Ilikuwa talaka moja, lakini maneno aliyoyatanguliza yalikuwa mazito kuliko talaka. Alisema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu amemletea jini.

"Alilia?" aliulizwa na mwandishi.

"Hapana. Alikuwa anafunga vitu vyake. Akasema, 'Olow, kilichokukaa shingoni ni gunia, si mimi.' Saynab akamwambia anyamaze. Shamso akamaliza kufunga. Asubuhi akapanda lori la Wajir."

Saynab yuko hai, na hakwepi swali. "Mimi nilitaka ndugu yangu apone," anasema akichuja chai. "Ningeambiwa nimfukuze mbuzi, ningefukuza mbuzi. Niliambiwa ni mke." Kisha anaongeza kwa sauti ya chini, "Mbuzi angekuwa na mtu wa kumtetea, maana ana bei."

Ijumaa ya kwanza bila Shamso nyumbani, Olow aliona sasa amekuwa msafi. Alioga, akavaa kanzu, akaenda kuswali na wenzake. Akageuza uso kulia kutoa salamu, akaanguka.

"Nilikuwa nimelala chini nasikia watu wanasema bismillahi," anasema. "Nikajua hapo hapo. Sikujua ugonjwa ni nini, lakini nilijua haukuwa yeye."

Aliendelea kubeba mizigo kwa sababu hakujua kufanya kingine. Miezi minne baadaye alianguka kutoka kwenye ubao wa lori, gunia likamfuata. Mutiso na mwenzake walimbeba hadi hospitali ya serikali.

Aliyempokea ni Kinoti, dresa, yaani msaidizi wa daktari, kutoka Meru. Kinoti alimkalisha kwenye kiti, akamwambia atazame ukuta, kisha ageuze kichwa polepole kulia na kukishikilia hapo. Macho ya Olow yakaanza kucheza yenyewe huku na huko. Akakirudisha kichwa katikati, yakatulia. Siku iliyofuata daktari aliyekuwa ziarani alimpima vile vile, akampima na nguvu za mkono, akaafiki.

"Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya mifupa ya shingo, kama uzi unavyopita katika shanga," Kinoti anaeleza. "Mifupa ya mzee huyu imelika, imeota ncha. Akigeukia kulia mshipa unabanwa, damu inayokwenda nyuma ya ubongo inapungua, anaona kizunguzungu. Mishipa ya fahamu nayo inabanwa, ndiyo maana kichwa kinauma kuanzia kisogoni na vidole vinakufa ganzi."

Anawaonya wasomaji wasijitibu. Kizunguzungu kinaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au ugonjwa wa sikio. "Lakini mtu akizunguka kila anapogeuza shingo," anasema, "aitazame shingo kabla hajamtazama jirani."

Mifupa iliyolika hairudi. Olow alikatazwa kubeba mzigo, kuinama kwa muda mrefu na kulalia mto mnene. Kinoti alimkatia kola ya kadibodi kutoka boksi la dawa. Siku ya kwanza alipofika nayo kizuizini, askari mgeni aliipasua kwa kisu akitafuta barua za mashifta. Hakukuta kitu. Kinoti akamtengenezea nyingine.

Kushona magunia kunampa chini ya nusu ya alichokuwa akipata. Halalamiki sana juu ya hilo. Maumivu yamepungua, na shehe amemweleza kwamba swala yake inatimia akitamka salamu bila kugeuza shingo. Amerudi kwenye safu, ingawa si mbele.

Kinachomkosesha usingizi ni Shamso.

Alipotoka hospitali alikwenda kwa kadhi kuuliza kama anaweza kumrejea. Kadhi alimwuliza talaka ilitoka lini, akatikisa kichwa. Eda, ile miezi mitatu ya kungoja baada ya talaka, ilikuwa imekwisha. Ndani ya eda angeweza kumrejea kwa neno tu mbele ya mashahidi, hata akiwa Garissa na mke akiwa Hadado. Sasa Shamso si mke wake. Akimtaka inabidi aposwe upya, akubali mwenyewe, na baba yake, aliye walii wake, akubali.

Kwenda Hadado nako si jambo la kuamka na kwenda. Barabara ina mabomu ya kutegwa, msafara unaondoka jeshi linapotaka, na raia hasafiri bila kibali. Olow aliomba kibali tangu mwisho wa mwaka jana. Alikipata wiki mbili zilizopita.

Kinoti hajafurahi. "Safari ile ni mashimo matupu," anamwambia mbele ya lori. "Lori likiruka vibaya, shingo hiyo inaweza kukulaza moja kwa moja, mzee wangu. Tuma mtu."

"Daktari, niliyemtukana si mtu wa kutumiwa mtu."

"Basi kaa mbele na dereva. Na kola usiivue hata kulala."

"Dereva ameshakubali. Amesema nitamlipa kwa kutomsemesha."

Kabla ya kupata kibali alikuwa amemtuma dereva huyo huyo ampelekee Shamso salamu na habari ya maneno ya hospitali. Dereva alirudi na jibu, akalisema mbele ya mahamali wote, kama alivyoagizwa. Shamso alisema yeye haendeshwi kwa salamu za lori. Olow alimtia aibu mbele ya watu, kwa hiyo aje asimame mbele ya watu wa baba yake, aseme jini lile lilitoka wapi. Mengine atayafikiria baadaye.

Mutiso alipiga mluzi. "Huyo mwanamke ndiye angekuwa imamu wenu," akasema.

Dereva alikuwa na habari nyingine aliyomnong'oneza pembeni. Tangu Shamso arudi, wachumba wawili wamefika kwa baba yake, na wote wawili wameondoka walipoambiwa kwa nini aliachwa. Maneno yaliyosemwa uani kwa Saynab yalifika Hadado kabla vumbi la lori halijatulia.

Msafara wa Wajir unatarajiwa kuondoka Jumatatu. Olow ameshafunga mzigo wake, ambao ni kanzu, mkeka na chupa ya mafuta ya simsim. Saynab ameomba kwenda naye ili na yeye aseme la kwake, lakini kibali ni cha mtu mmoja.

Na kama Shamso atakataa?

Olow anachomoa sindano kwenye gunia, anavuta uzi, anakata kwa meno bila kuinamisha kichwa.

"Akikubali, nitamshukuru Mungu, nitarudi naye," anasema. "Akikataa, nitarudi peke yangu. Lakini nitakuwa nimeshasema mbele yao kwamba ilikuwa shingo yangu. Mchumba wa tatu akija, hatapata sababu ya kugeuza ngamia wake wa mahari."