Tulisoma digrii ya biashara online kwa elika hapa Bariadi, kiongozi wetu akatuuza mbele ya kamera

Wakuu, heshima kwenu. Wasukuma wenzangu, mwadila.

Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, kuandika siandikagi. Ila juzi nimeona mtu ameuliza kama inafaa kusoma digrii ya biashara mtandaoni huku unafanya kazi, na majibu yote matamu matupu. Nikasema ngoja na mimi niweke langu. Atakayeona ni chai aje Bariadi, aulize kwenye maghala ya pamba, hadithi hii wanaijua.

Na jina nataja. Nimeshaombwa nisitaje. Anaitwa Masunga.

Kwanza mnijue mimi. Ni mzaliwa wa Mwamapalala, darasa la saba. Soko huria lilipoingia na makampuni binafsi yakaanza kununua pamba, mimi nilikuwa kijana wa kubeba marobota. Nikapanda nikawa mtu wa mzani. Kutoka mzani nikawekwa kukaimu usimamizi wa ununuzi. Kukaimu, wakuu, mpaka mvi zikaota. Form four niliitafuta ukubwani kwa QT, ule mtihani wa wasiopita sekondari, watoto wangu wananicheka nikishika daftari.

Basi kampuni ikaja na lake. Msimamizi lazima awe na digrii ya biashara. Anayekaimu atapewa nafasi asome, akishindwa anarudi kwenye mzani.

Roho yangu yote ilikuwa hapo. Kurudi kwenye mzani, mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe kupima, sikutaka hata kuwaza.

Masunga alikuwa mtunza ghala palepale kwetu. Ndiye aliyeleta habari za chuo. Unasoma online, unapanga muda wako, kazi huachi. Tena wana mlango wa watu wazima, ukifaulu mtihani wao wa kuingia wanakupokea. Chuo sikitaji, ugomvi wangu si na chuo.

Tukaingia wanne. Mimi, Masunga, Limbu mwenye duka la dawa za mifugo, na Mama Minza, mjane anayeleta dagaa kutoka Lamadi kuuza hapa mjini.

Sasa hapa wasio Wasukuma mnielewe. Kwetu vijijini tunalima kwa elika. Leo wote tunaingia shamba langu, kesho wote shamba lako, mpaka kila mtu analimiwa. Hakuna anayesema hili jembe langu limelima zaidi. Na ukilima kwa mwenzako ovyo kuliko unavyolima kwako, huo ndio wizi tunaoujua sisi.

Masunga akasema, "Jamani, kwa nini kila mtu avunjike mgongo peke yake? Tupige elika."

Mama Minza akacheka. "Na nsumba ntale nani?"

"Mbona nimekaa hapa, mayu."

Nsumba ntale ndiye mkubwa wa elika. Anaongoza kazi, na shamba la mtu likiharibika yeye ndiye anayesimama kujibu. Alijipa cheo mwenyewe, hatukumlazimisha.

Tukawa tunakutana Jumapili baada ya kanisa, chumba cha nyuma cha kibanda cha Mama Minza, katikati ya magunia ya dagaa. Asaimenti za mwanzo zilikuwa za kuchagua jibu. Tulikuwa tunabishana mpaka tunakubaliana, wote tunajaza moja. Zikapita vizuri. Mimi nikaanza kujiona msimamizi kamili, nikawa hata natembea polepole.

Ikaja ya kuandika. Eleza biashara unayoijua, ilivyoanza na ilivyonusurika kwenye hasara.

Zamu ilikuwa ya Mama Minza, yaani tuingie shamba lake. Akasimulia kwa Kisukuma. Mume wake alivyozama ziwani, alivyobaki na nyavu asizojua kuzitumia, alivyoziuza akaanzia ndoo moja ya dagaa. Alipofika kwenye kuzama, Limbu akatoka nje kidogo akarudi. Tukaipanga kwa Kiswahili, Masunga akaigeuza Kiingereza maana yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kueleweka.

Kisha kila mtu akaituma vilevile kama ilivyo. Kumpunguzia mwenzako hata mstari mmoja ilikuwa aibu.

Haukupita muda tukaitwa kwenye kikao cha video. Tuhuma ni kuibiana kazi, mashine yao ya kulinganisha maandishi imezikuta zinafanana. Hatukuogopa. Limbu akasema, "Wale ni wasomi, tukiwaeleza wataelewa."

Siku yenyewe tukaweka laptop ya Limbu juu ya kreti, mlemle kwenye chumba cha magunia. Masunga akasema ndani mtandao unasumbua, yeye ataingia kwa simu yake akiwa nje. Akasimama karibu na dirisha.

Madam wa kamati alikuwa mpole kabisa. Akasema, "Wanafunzi watatu mmeandika maneno yaleyale, 'marehemu mume wangu'. Wewe bwana, una mume?"

Alikuwa ananiuliza mimi, na sharubu zangu hizi. Limbu akacheka, na mimi nikacheka. Madam hakucheka.

Ndipo likanigonga. Amesema watatu. Sisi tulikuwa wanne.

Akamwita Masunga ajieleze. Wakuu, sauti yake tuliisikia mara mbili, kwanza dirishani, halafu kwenye laptop ikifuata nyuma yake.

"Madam, hiyo biashara niliifanyia utafiti mimi. Huyu mama nilimhoji tu kama mfanyabiashara wa mfano. Hawa wenzangu waliichukua bila kuniomba."

Kumbe ya kwake alikuwa ameigeuza. Badala ya 'mume wangu' ameandika 'mume wa mjane mmoja wa Lamadi'. Na aliituma kabla yetu, sisi tukiwa bado tunasaidiana kunakili.

Mama Minza akainuka, akasukuma dirisha. "Masunga, unaongea nini, bhabha?"

Akamwinulia kiganja, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani, akaendelea kuongea na simu.

Madam akasema, "Mama, tafadhali rudi kwenye kamera."

Akarudi. Akakaa. Akasema taratibu, "Madam, aliyezama ni mume wangu."

"Pole sana mama. Lakini kazi hii ina mwenyewe, aliyeiwasilisha kwanza."

Nimeona mengi kwenye biashara ya pamba. Nimeona mtu anaweka mawe kwenye gunia. Ila mjane kuambiwa ameiba kifo cha mume wake, hilo sikuwahi kuliona.

Watatu tukafutwa chuo. Nikaenda kwa mkubwa wetu wa kazi, Mzee Ngassa, na yeye namtaja, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi naangalia cheti, mengine mmalizane huko kwenu."

Masunga alimaliza. Kiti cha usimamizi ni chake. Mimi nipo kwenye mzani.

Siku moja nilimsimamisha getini nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka, elika ni ya jembe. Chuo kila mtu analima kwake."

Nikamwambia, "Na shamba likiharibika, nsumba ntale anajibu nini?"

Akatazama foleni ya wakulima nyuma yangu. "Pima mzigo huo, watu wanasubiri."

Niliupima.

Mnaotaka kujiunga na hizi digrii za online, jiungeni, mimi siwakatazi, masomo yenyewe ni mazuri. Ila kabla hamjagusa asaimenti hata moja, ulizeni kazi inahesabiwa ya mtu au ya kundi, maana huko kusaidiana tulikolelewa nako wanakuita wizi. Na anayejitolea kuwaongoza, mtazameni anatuma saa ngapi ya kwake.

Sasa nina swali, na hili si langu. Mama Minza hajakata tamaa. Amepata chuo kingine, na huko pia wanataka mwombaji aeleze biashara yake ilivyoanza. Hana biashara nyingine ya kuandika. Jana ameniuliza akiwa anafunga magunia, "Nikiandika tena habari za baba Minza, mashine yao itasema nimeiba kwa Masunga?"

Anayejua mambo haya amjibu hapa chini, nitamsomea.