Mume wa Kwenye Filamu

Nimekufa mara nyingi. Nimekufa kwa malaria, kwa sumu, kwa kuanguka ghorofani, na mara moja kwa huzuni, ambayo mwelekezi alisema ndiyo ngumu kuliko zote. Kila nilipokufa kwenye runinga, wanawake wa mtaa wetu hapa kisiwani Amu walimpitia mama kumpa pole, na mimi mwenyewe nimeketi jikoni nakula mahamri. Wakiniona walinipa pole na mimi. Hivyo ndivyo nilivyokua, na sina malalamiko.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya punda. Nilikuwa bado mdogo, wa darasa la pili, watu wa filamu walipokuja kutafuta mtoto wa kulia gatini. Kazi yake ilikuwa amtazame baba yake akiondoka kwa boti, alie, basi. Watoto wa mtaa walipangwa mstari, na kila aliyeambiwa alie aliigeukia kamera na kutabasamu. Mimi hata mstarini sikuwamo. Nilikuwa nimetumwa sukari, nikasimama kutazama, na punda aliyebeba saruji akanikanyaga mguu. Nililia kilio ambacho mwelekezi hukisimulia mpaka leo akihojiwa. Yeye anasema aliona kipaji. Mimi nilikuwa naona ukucha wangu.

Kwa kilio hicho nikaitwa Nairobi kuigiza, na baba hakutaka niende. Yeye ni mshonaji wa kanzu, mtu wa maneno machache, na alikubali kwa sharti moja: nikae kwa khalati yangu, dada yake mama, na popote nitakapopigwa picha khalati awe ameketi kando ya kamera. Khalati aliketi. Aliketi utoto wangu wote, na mkoba wake wa kashata mapajani, akiwatazama waigizaji wanaume kwa jicho la askari jela. Mchezo wa runinga uliniajiri mpaka meno ya mbele yakang'oka, na waandishi wakalazimika kutunga kisa cha mtoto aliyeanguka kwenye ngazi. Nilipoanza kurefuka waliniweka kando, sikufaa kuwa mtoto wala mtu mzima, nikafikiri mambo yamekwisha. Kisha nikaitwa tena, safari hii kupendwa na kuachwa, na picha yangu ikabandikwa kwenye mabango makubwa barabarani.

Nairobi watu walinisimamisha kupiga picha nami. Amu waliniambia nisogee punda apite.

Kila nikija nyumbani, baba hakuniuliza habari za filamu. Aliuliza tu nitaondoka lini. Nikimwambia, aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye cherehani yake. Wenzake barazani walimtania kwamba harusi ya binti yake ataisikia redioni kama watu wengine. Wao walicheka. Yeye alikata uzi kwa meno.

Halafu ikaja filamu ile ya mapenzi iliyopigwa hapahapa kwetu. Mwelekezi, ambaye hakuwa mtu wa dini yetu, aliipenda nyumba yetu, na hasa daka lake, yale mabaraza ya mawe pande mbili za mlango ambapo wageni huketi kabla ya kukaribishwa ndani. Hapo ndipo alipotaka ifungwe akdi ya ndoa. Alimtazama baba na ndevu zake, akasema huyu ndiye baba wa bibi harusi, hana haja ya kumtafuta mwingine. Wa kuozesha alichukuliwa mwalimu wa chuo, yule aliyenisomesha Kurani, maana mwelekezi alitaka mambo yawe ya kweli. Mashahidi walikuwa majirani wetu wawili, watu wa safu ya mbele msikitini. Bwana harusi alikuwa mwigizaji kutoka Mombasa, Mwislamu, kijana mzuri mwenye sauti ya kuuza manukato.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya mlango na kusikiliza. Baba alipewa karatasi yenye jina la msichana wa kwenye hadithi, akaitazama, akaikunja akaitia mfukoni. Alisema maneno haya ameyasikia tangu hajapata jino. Kamera ikawashwa. Baba akamshika kijana mkono, akamwambia amemuoza binti yake, akalitaja jina. Akalitaja langu. Langu, na lake, na la babu, kwa sauti iliyotetemeka mpaka mwisho. Kijana naye akajibu kwamba amekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa, ambayo kwenye hadithi yalikuwa kitanda cha samadari.

Mwelekezi alifuta macho. Alisema hiyo ndiyo, hatutapata nyingine kama hiyo. Mtu mmoja alimnong'oneza kwamba mzee amekosea jina, akasema hakuna atakayejali. Maandishi ya chini ya skrini yalionyesha jina la kwenye hadithi, sisi tukala biriani, na filamu ikazunguka nchi nzima.

Mchumba wangu wa kweli nilimpata baadaye, nilipokuja mapumzikoni. Ni fundi wa mashine za boti. Hajawahi kuimaliza filamu yangu hata moja, hulala kabla sijafa. Nilimpenda kwa hilo na kwa mengine, nikaamua kuolewa nyumbani, kwenye msikiti wa mtaa wetu, Ijumaa baada ya alasiri. Baba alipoambiwa alisimamisha cherehani. Siku hiyo hakushona tena.

Wiki ya harusi nyumba ilijaa wanawake. Tulikuwa mkekani tunachambua asumini za kutungia vikuba vya kupachika nguoni, na binamu zangu wakaiweka ile filamu ili wamcheke bibi harusi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa kwenye kiti chake. Katika miaka yote hiyo hakuwa amenitazama hata mara moja kwenye runinga, alisema ananiona bure nikija. Akdi ilipofika aliacha kutafuna tambuu.

"Rudisha nyuma," akasema.

Wakarudisha. Akasikiliza, akataka irudishwe tena. Kisha akauliza yule aliyeshika kitabu si mwalimu wa chuo, na wale wawili si majirani zetu, na huyu anayenena si mwanawe. Tukamwambia ndio. Akauliza kijana ni Mwislamu. Tukamwambia ndio.

"Basi mwana uyu ana mume," akasema. "Ndoa haina mtezo."

Asumini zilinidondoka. Nilicheka, lakini nilicheka peke yangu. Wote pale walisomeshwa chuoni kwamba maneno ya ndoa hushika hata yakisemwa kwa mzaha, na hapa walikuwepo walii, mashahidi wawili, mahari, na jina langu kamili. Mama mkwe mtarajiwa alianza kulitafuta buibui lake pole pole. Nikaogopa kweli. Mwanamume niliyemtaka alikuwa gatini anafungua mashine ya mtu, hana habari, na mimi huku nimekuwa mke wa mtu.

Mwalimu aliitwa. Alisikiliza jasho likimtoka, maana mwozeshaji alikuwa yeye. Akaenda vitabuni mwake, akarudi kutuambia kuwa wanazuoni wamehitilafiana: wako watakaosema mchezo wa kamera si ndoa, na wako watakaosema ni ndoa. Yeye hakutaka kusimama Ijumaa amwoze mwanamke mwenye shaka. Njia ya salama ni yule kijana atoe talaka, moja tu. Akauliza, kwa haya, kama tuliwahi kuwa faragha, ili ajue kama nina eda ya kukaa. Khalati akasimama na mkoba wake. Alisema aliketi kando ya kamera ile filamu nzima na hakutuacha hata kwenda msalani. Mwalimu akasema basi hakuna eda, na nikamwona khalati amefurahi kana kwamba amepewa tuzo niliyowahi kunyimwa.

Nilimpigia mume wangu simu. Alikuwa Nairobi, anakula na mke wake. Alicheka hadi akapaliwa, kisha kicheko kikamkatika, kwa kuwa naye ana mama Mombasa na anajua mama yake angesema nini. Angeweza kunitaliki kwenye simu, lakini bibi alikataa. Maneno yalisemwa dakani, na yataondolewa dakani.

Alikuja kwa ndege, akatua Manda, na aliyekwenda kumvusha kwa boti alikuwa mchumba wangu. Alisisitiza mwenyewe. Aliponifikishia mume wangu mlangoni aliniambia amemleta salama, ingawa katikati ya maji alifikiria mambo mawili matatu.

Mtaa wote ulijaa kwenye kichochoro, simu juu. Pale penye kamera kijana akawa si mtu tena, akawa mwigizaji. Alinitazama, akapumua, akaweka mkono kifuani, macho yakamjaa machozi. Ni kazi nzuri, nilimwonea wivu.

"Nena kama mtu," bibi akamwambia.

Akanena. Akasema amenitaliki talaka moja. Lakini sauti ilimkwaruza, na kama ilivyo desturi yetu sisi wa filamu, aliinua kidole aombe kurudia vizuri. Mwalimu aliruka kutoka baraza la pili akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mara moya tu," akamwambia. "Nyamaa."

Nadhani ndiyo mara ya pekee maishani mwake aliyokubaliwa bila kurudia. Mwalimu akaongeza kwamba, kwa kuwa ameniacha kabla hatujaingiliana, nina haki ya nusu ya mahari, yaani nusu kitanda. Nikamsamehe mbele ya mashahidi. Mchumba wangu aliuliza nusu ipi, akanyamazishwa.

Mgeni alipokwisha kula na kuondoka, nilibaki na baba dakani. Alikuwa amekaa palepale alipokaa siku ya filamu. Nikamtania kwamba siku nyingine asome karatasi, si kusahau jina akamtaabisha mtu namna hii. Alivuta pumzi.

"Sikusahau, mwanangu."

Nikamtazama.

"Nalidhani huko uliko utaolewa huko, na mimi sitapata kuyanena. Wakaniketisha hapa, wakanipa kanzu, mashahidi wapo. Nikasema niyanene mara moya kabla sijafa. Yule wa kwenye karatasi simjui. Kijana hata sikumtazama. Nalikuwa nautazama mlango, kwa kuwa wewe uko nyuma yake."

Nilimshika mkono ambao bado ulikuwa na sindano iliyochomekwa kwenye mkunjo wa mkono wa kanzu. Niliona uchungu kwa safari zote zile alizouliza naondoka lini, na mimi nikamjibu kwa tarehe. Baadaye kidogo nikamwuliza kama hakuwaza kwamba ndoa ile ingeshika. Alisema aliwaza, usiku huohuo, akaona aibu kumwambia mtu, na tangu siku hiyo kila simu yangu ikilia alihofia ni habari za mume wangu.

Ijumaa wanaume walikwenda msikitini. Kwetu bibi harusi hayuko kwenye akdi, hubaki nyumbani na wanawake, na siku hizi kipaza sauti hutuletea maneno mpaka madirishani. Nilikaa na maua meusi ya piko yakikauka mikononi, nimekatazwa kugusa chochote. Mwalimu alisoma hotuba. Kisha pakawa kimya, na ndani ya nyumba ile nzima hakuna aliyetafuna, hata bibi.

Baba akasema. Alilitaja jina langu, lake, na la babu, taratibu, juu ya mapaa yote ya mtaa, akamtaja na yule aliyekuwa anamwoza. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mwelekezi wangu angemwambia arudie.

Nilikuwa nalia. Khalati aliniinamia, akanifuta uso kwa ncha ya leso ili piko lisiharibike, akaitazama miguu yangu yote miwili, kisha akaniuliza ni nani amenikanyaga.