Jina la shemeji nililolimeza ofisini kwa wakili, na nyumba yetu ya Tunduma

Rafiki yangu unayesoma, kaa nami kidogo. Nakueleza kama ninavyomweleza mwenzangu wa karibu tukitoka kanisani, bila kuzunguka.

Wakuu wote wa ukurasa huu wa barua, mama na baba, nawasalimu. Barua zenu nazisoma tangu nilipojua kusoma, ila yangu sijawahi kuleta. Leo naleta. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na Mungu anajua sijaongeza chumvi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Mnamwanga, umri umepita arobaini. Utotoni sikwenda shule. Nilisoma darasa la jioni pale kanisani, mtoto mgongoni, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea.

Marehemu mume wangu alijenga nyumba Tunduma, karibu na njia ya kuingia Rhodesia. Matofali alipiga mwenyewe. Chumba cha mbele niliuzia chai na vitumbua kwa watu wa malori. Kiwanja kilipimwa na Serikali na hati ikaandikwa jina lake.

Mume wangu akafariki.

Hata tanga halijaisha vizuri, kaka yake mkubwa akaja na wazee wawili. Huyu ndiye nitakayemwita Shemeji Mkubwa humu mpaka mwisho. Alitaka kunirithi, awe mume wangu wa pili, nami niwe mke wake wa tatu.

Nikakataa. Nilisema mimi nimefunga ndoa kanisani mara moja, inatosha.

Akasema mbele ya wazee wale, "Haya. Asiyetaka mwenye nyumba asitake nyumba."

Miezi miwili baadaye ikaja barua ya madai. Anadai kiwanja ni chake, kwamba mdogo wake alikishika tu kwa niaba yake wakati yeye yuko kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia.

Kwa kuwa kiwanja kina hati ya Serikali, kesi haikwenda baraza la chifu. Ilikwenda kwa hakimu Mzungu, Mbeya. Na huko mawakili wanaruhusiwa.

Mbeya wakati ule palikuwa na ofisi mbili tu za mawakili. Moja ilishachukuliwa na Shemeji Mkubwa. Mimi nikaenda ya pili, kwa wakili mzee, Mhindi, mtu mpole anayesikiliza hadi mwisho. Kwa sababu ni mjane, alinipokea kwa huruma. Karani wake na mkalimani aliitwa Lazaro, Mnyiha wa Hasamba, mtu wa maneno mengi na kicheko.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo shida yangu ilipozaliwa.

Wakili mzee alikuwa amechoka, akataka kuajiri wakili kijana wa kumsaidia. Akampata mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili ya Ndola, Rhodesia. Lakini kabla hajamwandikia aje, akafanya jambo ambalo mimi sikujua kama lipo duniani.

Aliandika orodha ya kesi zote za ofisi yake, na majina ya wapinzani wote, akaipeleka Ndola. Kijana apitie, aseme kama katika hao kuna mtu aliyewahi kumhudumia. Pia akawaita wateja wake mmoja mmoja, Lazaro awaulize kama mpinzani ana jina lingine.

Nilimuuliza Lazaro sababu.

Akasema, "Mama, mtu akishaketi na adui yako akasikia siri zake, halafu aje aketi na wewe, atakuwa wa nani? Hakimu akijua, anaitoa ofisi nzima kwenye kesi. Si huyo kijana tu. Mzee naye, na mimi na kalamu yangu."

"Hata kama huyo kijana ni mtu mwema?"

"Hata kama ni malaika. Haya, Shemeji yako huyu. Kwenye barua ya madai tunalo jina lake la ubatizo na la ukoo. Ana lingine?"

Wakuu, lingine lilikuwepo.

Wa mpakani mnalijua jambo hili. Mtu akikataliwa na daktari wa mgodi kwa jina lake, anarudi nyumbani, anavuka tena kwa jina la mtu mwingine na situpa nyingine, yaani kitambulisho cha kazi cha kule, anaandikishwa. Shemeji Mkubwa alifanya hivyo. Miaka yote ya mgodini aliitwa jina la watu wa Nyasa, halihusiani kabisa na la kwetu. Nilikuwa naliona nyuma ya bahasha alizokuwa anamwandikia mume wangu.

Lakini kwetu kaka mkubwa wa mume ni sawa na baba mkwe. Mkamwana hali naye, hamtazami usoni, na jina lake halitamki. La kuzaliwa, la ubatizo, la mgodini, yote ni yake. Mama yangu alimeza maneno hayo kwa miaka hamsini. Hata mtungi, kwa kuwa jina lake lilifanana na la baba mkwe wake, aliuita "kile cha maji".

Nikajishughulisha na fundo la kitenge changu.

Lazaro akacheka. "Mama, jina si nyoka. Litaje, halikuumi."

"Hayo mliyo nayo yanatosha, baba."

"Aibu ya ukwe? Basi usitamke. Si umesoma wewe?" Akanisogezea penseli na karatasi. "Andika."

Penseli niliishika. Naikumbuka, ilikuwa fupi, imetafunwa nyuma. Nikafikiri, kuandika si ndiko kutamka kwa mkono? Halafu nikawafikiria wanawake wa Tunduma, wakisikia nimemwandika baba mkwe kwa Wahindi watasema kusoma kumenipotezea adabu. Na ukweli mwingine niuseme: sikudhani lina kazi. Jina la mgodini lina kazi gani na nyumba ya Tunduma?

Nikamrudishia penseli.

"Hana lingine?" akauliza tena, sasa hacheki.

Nikatikisa kichwa.

Huo ulikuwa uongo. Mimi ninayesali asubuhi na jioni.

Majibu yakatoka Ndola, orodha ni safi. Wakili kijana akaja.

Alikuwa Mhindi mwembamba aliyezaliwa Rhodesia, na Kibemba anakijua kama mtoto wa huko. Siku ya kwanza akaniambia, "Mwaiseni mayo," yaani karibu mama. Nikafurahi mno. Wakili mzee akamkabidhi faili langu.

Kijana yule alifanya kazi. Alikuja mpaka Tunduma kwa lori, akapima nyumba kwa hatua, akaongea na fundi aliyepaua bati. Nikamweleza yote. Hata yale ya kunidhuru nilimweleza, kwamba mwaka mmoja mume wangu alimwita kaka yake "mwenye mji" mbele ya watu, kwa heshima tu. Alisema nisiogope, kesi ina miguu.

Siku ya kusikilizwa nilivaa kitenge changu cha kanisani. Hakimu yuko juu, sisi tuko chini.

Shemeji Mkubwa akaingia, koti la mgodini na kofia mkononi. Mimi nikainama kama ada yetu.

Nikasikia karatasi zinaanguka.

Nikainua macho. Wakili wangu kijana amesimama, uso umebadilika rangi. Shemeji Mkubwa naye amesimama, anamtazama. Halafu akacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyeokota pesa.

"Ee! Bwana loya wangu! Mwapoleni! Kumbe ulihamia huku?"

Korti nzima ilisikia salamu ile ya Kibemba.

Kumbe kule Ndola, kwa lile jina la mgodini, alikuwa mteja wake. Alikwenda kwake kuuliza habari za kiwanja hikihiki.

Kijana hakuficha. Alimweleza hakimu palepale. Wakili wa upande wa pili akaomba ofisi yetu itolewe, na hakimu akaitoa. Lazaro alikusanya karatasi zangu bila mzaha wowote. Aliniangalia mara moja tu. Alijua.

Nje nikamshika wakili kijana mkono wa shati. Nilisahau adabu.

"Mwanangu, alikuambia nini kule?"

"Mayo, siwezi."

"Alisema nyumba ni ya nani?"

Macho yake yalijaa machozi, wakuu. Akasema, "Nilichosikia kule siwezi kukisema huku. Wala siwezi kukisahau. Ndiyo maana natoka."

Akaondoka. Sijui alichosikia. Nina wazo langu, lakini wazo si ushahidi.

Wakili mzee aliandika kwa mwenzake wa Iringa anisaidie, jibu likaja kwamba safari zake zimejaa. Hakimu akaahirisha mara moja, mara ya pili akasema tuendelee.

Nikasimama peke yangu.

Shemeji Mkubwa akatoa maneno yake, na wazee wale wawili wakamuunga mkono. Hakimu akaniambia nimuulize maswali. Nimuulize baba mkwe! Niliuliza moja tu, nikitazama sakafu.

"Baba, mdogo wako alipokuwa anapiga matofali yale, wewe ulituma nini?"

Akajibu, "Nilituma akili."

Watu wakacheka. Sikuuliza tena.

Hakimu alisema hati ina jina la marehemu, ila ushahidi kwamba aliishika kwa niaba ya kaka yake haukupingwa vya kutosha. Nikapewa mpaka mavuno nihame.

Sasa niko Kamsamba kwa kaka zangu, nalima mpunga. Joto la huku bado halijanizoea. Mwanangu wa kwanza, Eliya, ameacha shule, amevuka kwenda migodini. Pale nilipouzia chai, mke mdogo wa Shemeji Mkubwa anauza chai.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mwanzoni nilikasirikia sheria ile. Nikasema ni sheria gani inayomziba mdomo anayejua ukweli? Kisha nikajigeuza. Kama kijana yule angetoka kwangu akaenda kwa Shemeji Mkubwa na yale niliyomweleza, ningetaka afunge mdomo au afungue? Ningetaka afunge. Basi sheria siilaumu. Wakili mzee pia simlaumu, aliuliza kabla, tena mara mbili.

Nilichojifunza ni hiki. Adabu ya ukwe ni nzuri nyumbani, na mimi bado naishika. Lakini ofisi ya wakili ikikuuliza majina ya mpinzani wako, yatoke yote, la kwetu na la ng'ambo. Kama mdomo wako umefungwa, nenda na mtoto wako aseme. Mwanangu Eliya alilijua jina lile. Alikuwa nje mlangoni siku ile, sikumwita.

Na ninyi makarani mnaosoma, kabla hamjamwajiri mtu wenu mpya, msimuulize mkamwana habari za wakwe zake mkatosheka akitikisa kichwa. Muulizeni jirani.

Mnasemaje wakuu? Kuna aliyepatwa na kama haya? Kuna anayeona nilifanya vizuri kunyamaza? Andikeni, hata kunikemea nikemeeni, nitasoma.

Nawaomba kitu kimoja. Msiiweke barua hii ikaliwa na mchwa. Wajane wengi wenye kesi hawajui kusoma. Msomee mmoja, kwa lugha yake, kabla hajapanda lori la Mbeya.