Nilipiga Yowe la Wezi Ili Nipate wa Kukimbia Naye

Nilikosa mimi. Si morani, si ukungu, si yule mnunuzi wa ng'ombe aliyekuwa akijipitia zake. Ni mimi, na leo nalisema hadharani kwa sababu kulinyamazia kumenichosha. Jina langu lihifadhiwe, ingawa watu wa Nainokanoka wa miaka ile wakisoma watanijua tu.

Mimi ni Mwiraqw wa Karatu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni ya sukari, nilipangiwa kufundisha shule ya msingi huko juu Nainokanoka, nchi ya Wamasai, penye baridi na ukungu, gari unaliona kwa bahati. Wenzangu walinipa pole. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa mkimbiaji, na aliyezoea kukimbia kule juu pumzi inakopatikana kwa shida, akishuka Arusha anapaa.

Kocha wa mkoa alikuwa ameniambia, ukimaliza marathoni chini ya saa mbili na dakika ishirini kwenye majaribio, unaingia kambi ya taifa. Mimi nilikuwa nimebakiza dakika nne. Usizicheke hizo dakika nne. Zilininyima usingizi kuliko mwanamke yeyote.

Shida ni kwamba peke yako huwezi kujikimbiza. Mwili unajihurumia. Nilihitaji watu wa kunivuta, na watu walikuwepo, morani wenye miguu mirefu wasiojua kuchoka. Nikamwendea mmoja wao, Lemali, aliyekuwa rafiki yangu na aliyezoea kuniletea maziwa.

"Tukimbie twende wapi?" akauliza.

"Hatuendi popote. Tunakimbia, halafu tunarudi."

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mwalimu, huku mtu hakimbii bure. Ukiona mtu anakimbia, ujue ng'ombe wameibwa, au kuna mtu amekufa."

Alisema kweli. Kila nikitoka mazoezini kina mama walitoka bomani kuniuliza kumetokea nini, na wazee walinisimamisha njiani. Saa yangu ya mkononi inakwenda, mimi nimesimama najieleza. Nilikuwa nachukia sana. Hapo ndipo shetani aliponipa akili.

Asubuhi moja nilikimbilia bomani kwa kina Lemali huku napiga yowe kwamba wezi wanaswaga ng'ombe njia ya Bulati. Ndugu yangu, vijana wale walitoka na mikuki na marungu, nikawa katikati yao, na sijawahi kukimbia vile maishani mwangu. Tulipofika mbali tusione kitu, nikasema labda wamepotelea msituni. Hawakunilaumu. Walinishukuru! Jioni nililetewa kibuyu cha maziwa, na mzee mmoja akasema mwalimu huyu ana macho ya mchungaji. Nikayanywa maziwa yale bila haya.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini majaribio yalipokaribia nikataka mara moja tu nyingine. Mwonja asali haonji mara moja.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Nikapiga yowe lilelile, tukatoka watu saba au wanane. Nilikuwa naenda vizuri, miguu myepesi, nawaza kwamba dakika zangu nne zinakwisha leo. Mara ukungu ukafunguka kidogo, na mbele yetu njiani alikuwepo mtu anaswaga mitamba watatu.

Mwizi nilikuwa nimemtunga kichwani mwangu, na sasa yule pale, ana miguu na fimbo.

Lemali alisema neno kwa Kimasai, wakaniacha. Muda wote nilidhani nakimbia nao, kumbe walikuwa wakinisubiri kwa sababu mimi ndiye niliyejua wezi walikoelekea. Sasa wamemwona wenyewe, wananihitaji kwa lipi? Nilikaza mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Nilitaka kupaza sauti kwamba si mwizi, pumzi ya kupazia sina. Nikisimama nipige kelele, sitafika. Niliogopa hadi mkojo ulinitoka huku nakimbia.

Na niseme yote. Nilimwogopea yule mtu, lakini niliogopa zaidi kwamba nikisema kweli, mikuki itanigeukia mimi. Kuna mahali pale nilipunguza mwendo. Hakuna aliyenizuia wala sikujikwaa. Nilipunguza mwenyewe, nikitumaini mambo yataisha kabla sijafika. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Yule mtu aliona mikuki inamjia, naye akafanya ambalo yeyote angelifanya, akakimbia. Kwao hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Nilipofika alikuwa chini, amejikinga kichwa kwa mkono, na mkono wenyewe umeshavunjwa kwa rungu. Lemali ameinua mkuki. Sijui nguvu nilipata wapi, nikajitupa juu ya yule mtu.

"Si mwizi! Hakuna mwizi. Nilidanganya."

"Ulimwona nani basi?" Lemali akauliza.

"Sikumwona mtu."

"Sasa yowe la nini?"

"Nilitaka watu wa kukimbia nao."

Nilifumba macho nikingoja. Hakunipiga. Alishusha mkuki, akanisogeza pembeni, akamwinua yule mtu taratibu na kumfunga mkono kwa shuka lake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakunisemesha tena.

Mtu yule alikuwa mnunuzi kutoka Karatu, na mitamba alikuwa amewanunua kihalali. Wazee walinitoza fidia, nikalipa. Na majaribio nilikwenda, kwa kuwa tamaa ilikuwa haijaniisha. Filimbi ilipolia nikasikia vishindo vya miguu nyuma yangu, vingi, vinakaribia. Mwili mzima uliniganda. Nilitoka barabarani nikakaa mtaroni. Kocha alidhani ni tumbo, nami nikamwacha adhani hivyo. Sikushindana tena.

Miaka baadaye nilihamishiwa Karatu. Siku moja mnadani nikamwona kwa mbali yule mnunuzi, mkono wake umeungana vibaya, umepinda kwenye kiwiko. Nilikuwa sijawahi kumwomba radhi uso kwa uso. Fidia niliipitisha kwa wazee, kwa woga. Alikuwa anaelekea kwenye lori. Nikaona atanipotea, nikakimbia kumwahi.

Alisikia miguu. Hakugeuka kuona ni nani. Alianguka chini palepale mbele ya umati, akafunika kichwa kwa mkono uliopinda, akawa anasema, "Nimenunua, jamani. Nimenunua hawa."

Watu walicheka, wakidhani ni mlevi. Mimi nikarudi nyuma polepole nikaondoka, na radhi sikuiomba.

Vijana mnaotafuta muda wa kuingia kambi, utafuteni kwa miguu yenu. Msimtie mtu hofu ili nyinyi mpate mbio. Mimi mbio niliacha zamani. Yeye hadi leo anakimbizwa.